Waliosoma Barua Wako Wapi?

Ndugu msomaji, kwanza nikuombe radhi. Toleo hili nilipangiwa nilete hadithi fupi. Mhariri ananidai tangu mwezi wa pili, na kila tukikutana ananiuliza, "Vipi bwana, imeiva?" Haikuiva. Badala yake nimeleta maneno makali. Kama yatamkera mtu, basi na anijibu toleo lijalo. Ukurasa upo.

Kisa chenyewe ni hiki. Nina riwaya naiandika, mwaka wa tatu huu, imejaa makaunta buku manne na la tano nimelifungua juzi. Ni riwaya ya Agosti 7, 1998, asubuhi ile ya Ijumaa, saa nne na nusu ikiwa imepita, mabomu mawili yalipolipuka kwa kufuatana, moja Nairobi na jingine hapa kwetu Dar es Salaam. Mwaka ule mimi sijazaliwa. Siku hiyo nimeijua kwa jicho la mjomba wangu, na nikisema jicho namaanisha jicho moja, maana la pili aliliacha Nairobi.

Basi Jumamosi moja nikawasomea wenzangu kwenye kikao chetu cha waandishi chipukizi sura ya sita na ya saba. Nilipomaliza, mshikaji mmoja, kalamu yake naiheshimu sana, akatikisa kichwa. "Riwaya yako haina adui," akasema. "Gaidi umempa kurasa mbili tu! Kurasa arobaini zote ni barua na mafaili. Nani atakaa chini asome habari za mafaili?" Watu wakacheka. Wa pili akadakia, "Halafu yale mambo ni ya Wamarekani. Walilengwa wao, sisi tulipitiwa tu." Wa tatu, mtu mzima kidogo, akafunga mjadala: "Jamani, kazi ya Mungu haina makosa. Siku ikifika imefika."

Nilirudi nyumbani kwa miguu ingawa nauli nilikuwa nayo. Majibu ya watu wale watatu yalinikaa kooni. Leo nayatema.

NANI ALILIPUA, NANI ALIJUA

Tuanze na mjomba. Mwaka 1998 alikuwa kijana, akifuata mitumba Gikomba na kuileta Arusha. Ijumaa ile alipanda ghorofani kwenye jengo moja katikati ya mji wa Nairobi kumdai mtu hela zake. Wakiwa bado wanabishana, ukasikika mlio huko chini, kama tairi la lori limepasuka. Ofisi nzima ikakimbilia dirishani. Mjomba naye akakimbilia, kijana gani hapendi kuona? Hiyo ndiyo picha ya mwisho aliyoiona kwa macho mawili.

Baadaye ilijulikana kuwa mlio ule wa kwanza ulikuwa wa guruneti lililorushwa na mmoja wa wale waliokuja na gari, alipokataliwa kufunguliwa kizuizi cha nyuma ya ubalozi wa Marekani. Mlinzi hakuwa na bunduki, lakini alikataa. Mlio uliwaita watu madirishani, kisha bomu kubwa likalipuka na vioo vikawaingia usoni. Ndiyo maana Nairobi ile ilipata vipofu wengi kwa siku moja. Jengo la Ufundi lililokuwa pembeni likaporomoka. Watu 213 walikufa Nairobi, na katika hao Wamarekani ni 12. Waliojeruhiwa walizidi 4,000. Hapa Dar, barabara ya Laibon, walikufa watu 11, na hakuna Mmarekani hata mmoja kati yao. Tungezika wengi zaidi kama gari la maji la ubalozi lisingekuwa limesimama kati ya lori la bomu na lango. Likazuia. Dereva wake akafa.

Sasa wewe uliyesema yale ni mambo ya Wamarekani, hebu piga hesabu. Toa 12 kwenye 213, jumlisha 11 wa kwetu. Ukipata jibu, uje uniambie mambo yale yalikuwa ya nani.

Siku moja nilimuuliza mjomba swali la kitoto. "Shikamoo mjomba. Hivi huwa unawachukia waliolipua?" Akanijibu, "Marahaba. Mjomba, waliolipua nawajua. Wengine wamefungwa, wengine wamekufa. Hao nimeshamalizana nao. Mimi nauliza, nani alijua?"

Nikaenda kutafuta nani alijua. Elimu yangu ni ya kidato cha nne, na divisheni niliyopata siitaji hapa. Lakini ripoti zipo wazi, na kamusi ninayo. Nimezisoma mstari kwa mstari, usiku, taa ikizimwa na wenye nyumba nasogea barazani kwenye taa ya jirani. Nilichokiona ni hiki.

BARUA

Mwaka 1983 ubalozi wa Marekani mjini Beirut ulilipuliwa kwa gari. Wamarekani wakaunda kamati chini ya Admirali Bobby Inman, na mwaka 1985 kamati ikatoa ushauri ambao hata fundi mwashi wa Manzese angeuelewa: jengo la ubalozi likae mbali na barabara, futi 100 angalau, yaani kama mita 30. Sababu inajulikana. Bomu la gari linaua kwa ukaribu.

Ubalozi wa Nairobi ulikuwa umesimama kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, mita chache tu kutoka barabarani. Kila aliyepita na matatu aliuona. Miaka 13 tangu ushauri ule utolewe, jengo liko palepale. Majengo mengine duniani yalibadilishwa, kisha hela ikapungua, hamu nayo ikapungua.

Balozi wao pale Nairobi alikuwa mama mmoja, Prudence Bushnell. Huyu mama aliona. Desemba 1997 aliandikia wizara yake huko Washington kwamba jengo liko hatarini na linatakiwa jipya. Majibu yakawa yale tunayoyajua sisi tuliozaliwa kwenye foleni za maofisi: hela hakuna, na kwenye orodha ya hatari Nairobi ni "wastani". (Dar es Salaam tulikuwa "chini" kabisa. Tulale salama.) Mama hakukata tamaa. Jenerali Anthony Zinni, mkuu wa majeshi yao ya ukanda ule, naye akasema jengo ni hatari. Mwaka 1998 Bushnell akamwandikia barua moja kwa moja Waziri wa Mambo ya Nje, Madeleine Albright. Barua ilifika. Miezi michache baadaye gari nalo likafika.

Hiyo ni barua. Bado mafaili.

Makachero wa Marekani walikuwa wanasikiliza simu za kundi la Osama bin Laden mjini Nairobi tangu 1996. Agosti 1997, mwaka mzima kabla ya mlipuko, walipekua pamoja na polisi wa Kenya nyumba ya Wadih el-Hage, aliyekuwa karani wa bin Laden, wakaondoka na kompyuta. Ndani ya kompyuta mlikuwa na barua ya mwenzake, Fazul Abdullah Mohammed, akilalamika kuwa kundi lao la Afrika Mashariki liko hatarini kugunduliwa. Yaani kundi lenyewe limeandika kwa mkono wake, "sisi tupo". El-Hage akarudi Marekani, akahojiwa mbele ya baraza la mahakama, akadanganya, akaachiwa aende zake. Fazul akabaki huku.

Novemba 1997 Mmisri mmoja aliingia kwenye ubalozi uleule wa Nairobi akawaambia maofisa kuwa kuna watu wanapanga kuulipua kwa gari. Habari hii magazeti ya Marekani yaliiandika Januari 1999. Walimhoji, wakaona ni mtu wa maneno mengi, hana mizani. Ulinzi ukakazwa kwa muda, kisha ukalegezwa. Mmisri akafukuzwa Kenya.

Msomaji, usiniambie hii haina adui. Adui yumo. Amevaa tai, ana katibu muhtasi, na mezani kwake kuna trei mbili, moja ya barua zinazoingia na moja ya zinazotoka. Barua ya balozi iliingia. Mimi naandika riwaya ya kuuliza kwa nini haikutoka.

"BAADA YA MECHI KILA MTU KOCHA"

Hapa najua utaniambia nini, maana nimeshaambiwa. Eti ni rahisi kusema leo. Baada ya mechi kila mtu kocha.

Sikatai, hoja ina uzito wake. Ripoti ya uchunguzi iliyoongozwa na Admirali William Crowe, iliyotoka Januari 1999, ilisema kweli kwamba hakukuwa na taarifa ya kuaminika iliyotaja siku na mahali. Kila mwezi balozi za Marekani zinapokea vitisho kwa mafungu, na vingi ni upuuzi. Huwezi kufunga duka kila mlevi akipiga kelele. Hayo nakubali.

Lakini tuangalie vizuri. Kuna mtu hakujua. Huyo simdai kitu. Kuna mtu alijua nusu, akakosea kupima. Huyo namdai maelezo. Na kuna mtu aliambiwa kwa maandishi, na aliyekabidhiwa kazi ya kujua, kwamba jengo hili limekaa vibaya, watu watakufa, naye akasema subiri bajeti. Huyu wa tatu hakuhitaji uganga wala ramli. Barua ya Bushnell haikuwa utabiri wa siku. Ilikuwa habari ya mita chache, na mita zilikuwepo zinapimika kwa hatua za miguu. Ujue Agosti 7 au usiijue, jengo lilikuwa barabarani.

Na unajua kilichofuata? Hela ilipatikana! Bodi ya Crowe ilipendekeza dola bilioni 1.4 kila mwaka kwa miaka kama 10 kwa ajili ya usalama wa balozi. Ubalozi mpya ukajengwa Gigiri, mwingine hapa Dar, kuta nene, mbali na barabara. Walihamia 2003. Pale pa zamani Nairobi pamebaki bustani ya kumbukumbu yenye majina ya waliokufa. Kwa hiyo hela haikuwa haipo. Ilikuwa inangoja majina.

Sasa sikia bodi ilivyomalizia. Ilisema kulikuwa na kushindwa kwa pamoja, kwa serikali kadhaa na mabunge kadhaa ya Marekani katika miaka kumi, kutotenga fedha za kutosha. Kisha ikasema haikuona sababu ya kuamini kuwa mtumishi yeyote mmoja alivunja wajibu wake. Nilipofika hapo niliweka kamusi chini. Wameshindwa wote, hajashindwa mtu! Kwa lugha ya nyumbani, sufuria imeungua, chakula kimeungua, lakini mpishi hakuna.

Wengine wana hoja ya golikipa. Tuliisikia upande wa serikali ya Kenya baada ya Garissa, na inasikika kila nchi: eti vyombo vya usalama ni kama golikipa, anaokoa mipira mia hakuna anayekumbuka, unaingia mmoja watu wote wanapiga kelele. Jamani, mfano wa mpira mmeuleta wenyewe! Hapa mjini Simba au Yanga ikifungwa tatu bila, kocha anafungashiwa virago kabla ya Jumatatu. Hakuna anayesema "tumeshindwa kwa pamoja". Na golikipa mwenyewe anapimwa: je, beki alimpigia kelele kuwa kuna mtu nyuma yake? Alisikia? Aligeuka? Kama hakusikia, bahati mbaya. Kama alisikia akaendelea kufunga kamba ya kiatu, atoke.

WALIOPANDISHWA NA WALIOZIKWA

Kosa lisilokuwa na mwenyewe huwa linarudi. Fazul, yule yule wa barua ya kwenye kompyuta, alitoroka baada ya 1998. Novemba 28, 2002 hoteli ya Paradise ya Kikambala, kaskazini ya Mombasa, ililipuliwa kwa gari. Wakafa Wakenya 10 na Waisraeli 3, na siku hiyo hiyo ndege ya Israeli ikarushiwa makombora ikitoka Mombasa, ikapona. Fazul alitajwa kuwa mpangaji. Aliuawa Mogadishu Juni 2011, miaka 13 baada ya Nairobi.

Huko Marekani kwenyewe, Agosti 6, 2001 Rais George W. Bush aliletewa mezani taarifa ya kijasusi iliyosema kwenye kichwa chake kuwa bin Laden ana nia ya kushambulia ndani ya Marekani. Septemba 11 wakafa karibu watu 3,000. Nani aliwajibika? George Tenet, mkuu wa CIA wakati wa Nairobi na wakati wa New York, aliondoka kazini 2004. Desemba ya mwaka huohuo akavishwa na rais nishani ya juu kabisa anayoweza kupewa raia. Nishani! Mtu mmoja wa ngazi za juu, Richard Clarke, ndiye aliyesimama Machi 2004 mbele ya tume na kuziambia familia za marehemu kuwa serikali yao iliwaangusha, na yeye mwenyewe aliwaangusha, akaomba msamaha. Angalau yeye ulimi haukumkauka.

Na sisi? Tusiwacheke. Septemba 21, 2013 Westgate, Nairobi, walikufa watu 67. Rais wa wakati ule, Uhuru Kenyatta, aliahidi tume ya uchunguzi. Tume haikuundwa. Kamati ya Bunge ikaandika ripoti, Bunge lenyewe likaitupa mwaka 2014. Aprili 2, 2015, alfajiri, wakaingia Chuo Kikuu cha Garissa. Wiki moja kabla, Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimewatahadharisha wanafunzi wake kwamba chuo kinaweza kushambuliwa. Garissa kulikuwa na walinzi wa kuhesabika. Kikosi maalumu kilitoka Nairobi, kikaingia bwenini jioni, kikamaliza kazi kwa muda mfupi tu. Lakini toka alfajiri hadi jioni, hebu wewe mwenyewe hesabu saa. Walikufa watu 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Vijana wa umri wangu na wako, wengine bila shaka walikuwa na daftari la mashairi chini ya mto.

Wakati mmoja tu mambo yalisogea. Mwishoni mwa 2014, baada ya abiria 28 wa basi kuuawa Mandera mwezi wa Novemba, kisha wachimba mawe 36 kuuawa hukohuko siku chache baadaye, Inspekta Jenerali wa polisi aliondoka na Waziri wa Usalama akaondolewa. Ilikuwa ni kwa sababu wananchi walikuwa wamejaa barabarani na hawakukubali kuambiwa "tuombe". Kwa hiyo mzee wangu uliyesema kazi ya Mungu haina makosa, nakuheshimu, lakini Mungu hakuandika bajeti ya ubalozi. Mungu hakuachia kikosi kichelewe. Tusimsingizie.

MZEE RUKSA ALIFANYA NINI

Tunalo neno letu zuri sana: kuwajibika. Vigogo wanalipenda neno hili kwenye hotuba. Kila mtu "anawajibika", na hakuna anayeondoka kitini. Basi nikukumbushe maana yake halisi, na mfano wake si wa Ulaya.

Mwaka 1976, mikoa ya Mwanza na Shinyanga, katika msako wa wauaji wa vikongwe, watu walioshikiliwa waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola na baadhi wakafa. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakumpiga mtu hata kofi. Hakuwa Shinyanga. Lakini wizara ilikuwa yake, na mwaka 1977 akajiuzulu. Hakusema "tumeshindwa kwa pamoja".

Je, alikufa kisiasa? Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, 1985 akawa Rais wa Muungano, akakaa miaka 10. Alipofariki Februari 29, 2024, nchi nzima ilimlilia, na kila aliyemzungumzia alilitaja lile la kujiuzulu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sasa hawa wengine wanaogopa nini?

Simaanishi kiongozi ni sawa na gaidi. Nirudie, maana wapo watakaonisoma vibaya makusudi: aliyeua ni aliyeua. Wanne walihukumiwa New York mwaka 2001 kifungo cha maisha, mmoja wao Mzanzibari, Khalfan Khamis Mohamed, aliyepanga nyumba Ilala ambamo bomu la Dar lilitengenezwa. Mtanzania mwingine, Ahmed Ghailani, akafungwa maisha Januari 2011. Wastahili. Lakini mwizi akivunja duka, mwizi anapelekwa polisi, na mlinzi aliyeambiwa jioni kuwa kufuli limelegea anaitwa na tajiri asubuhi. Ni kesi mbili. Ya kwanza haifuti ya pili. Wakubwa wetu wanapenda sana kesi ya kwanza, wanaisimamia kwa makamera na ving'ora, kwa sababu inaifunika ya pili.

Na kuna jambo linaniuma zaidi ya yote. Siku ile waliotimiza wajibu walikuwa ni wale wa mshahara mdogo. Mlinzi asiye na bunduki aliyekataa kuinua kizuizi. Dereva wa gari la maji. Na waliokuwa na uwezo wa kuhamisha jengo zima wakaambiwa na ripoti kuwa hawakuvunja wajibu.

TUANDIKE NINI

Sasa narudi kwako, mshikaji wangu uliyetaka adui. Wewe na mimi tumekulia kwenye riwaya za kijasusi. Tumeazimana vitabu vya Elvis Musiba mpaka majalada yametoka, tukataka wote kuwa Willy Gamba. Mimi sitawatukana waliotufundisha kusoma. Lakini angalia ujanja uliomo humo: mpelelezi akipata siri saa sita usiku, saa saba yuko njiani na bastola. Siri ikishajulikana, nchi imepona. Riwaya hizo zimetufanya tuamini kuwa kazi ngumu ni kujua.

Nairobi inatuambia vingine. Walijua mengi. Kazi iliyowashinda ni ya kuinuka kitini. Kama sisi vijana tutaendelea kuandika magaidi wenye ndevu na makachero wenye misuli, tutakuwa tunawasaidia wenye trei mbili wabaki gizani. Msomaji atafunga kitabu akiwa ameridhika kuwa mbaya kafa. Na barua nyingine, leo hii, mahali fulani, imewekwa kwenye trei.

Sisemi tuache mikimbizano, na mimi yangu imo, sura ya tisa mtaikuta. Nasema tumpe jina mtu wa ofisini. Tumwandikie asubuhi yake, chai yake, simu yake kwa mkewe, mkono wake unapoigusa ile barua na kuiweka chini ya nyingine. Tusimfanye shetani. Tumfanye mtu, ili msomaji ambaye kesho atapewa ofisi ajitambue. Katika ninyi mnaosoma gazeti hili wapo watakaokuwa maofisa. Wengine mtakuwa wabunge, msikatae. Siku hiyo mkiletewa barua ya mtu anayesema jengo limekaa vibaya, nataka mkumbuke kitabu fulani mlichosoma mkiwa vijana.

Mjomba sasa anauza mkaa huku kwetu. Mwaka 2020 Sudan, iliyodaiwa kuwahifadhi kina bin Laden, ilikubali kulipa dola milioni 335 kwa ajili ya waathirika wa mashambulizi ya 1998 na mengine. Mpita njia wa Kiafrika hakumo. Mjomba alijaza fomu nyingi zamani, kwenye ofisi moja na nyingine, hadi akachoka. Fomu hizo anazo kwenye mfuko wa plastiki, nakala za kaboni zimefifia. Alinionyesha juzi nilipomsimulia waliyosema kwenye kikao.

"Wamesema habari za mafaili haziuziki," nikamwambia.

Akazikunja fomu zake taratibu. "Wewe maliza tu, mjomba. Ukimaliza uje unisomee kwa sauti, hili lililobaki nalo halioni karibu. Nataka nimsikie huyo mtu wa barua. Anasema nini akiulizwa?"

Sijui bado atasema nini. Sura hiyo nimeiandika mara tano, na kila mara anajibu kama ripoti: tumeshindwa kwa pamoja. Naifuta. Anayeona nimekosea na alete hoja yake, ukurasa upo.